Nilivimba midomo kwa kamba: je, sushi naweza kuila?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Desemba iliyopita tulikwenda Mombasa, nikala kamba wa kukaanga. Hata sahani sijaimaliza, midomo ikavimba, mwili ukajaa mabaka ya kuwasha na sauti ikaanza kukwaruza. Nilimeza Piriton, baada ya saa kadhaa mambo yakatulia. Ngege na mbuta nimewala tangu utotoni bila tatizo, ila omena mara nyingine hunikereketa koo. Sasa mwenzetu wa shule anasherehekea siku yake ya kuzaliwa kwenye hoteli moja mjini inayouza sushi na wote wanataka twende. Je, naweza kula? Nikimeza Piriton kabla ya kwenda, itanikinga? Shemeji yangu naye anasema tusipoteze pesa, atatutengenezea nyumbani kwa ngege mbichi wa Dunga. – Mwalimu, Milimani

JIBU: Mwalimu, pole kwa yaliyokupata pwani. Nikujibu kwa mkato kwanza. Sushi, ule wali wenye siki wa Kijapani unaoliwa na samaki, mara nyingi mbichi, unaweza kula, ila si kila sushi na si kutoka kila jikoni. Piriton haitakukinga. Na ngege mbichi wa shemeji asipite mdomoni mwako wala mwa mtu mwingine yeyote mezani.

Nianze na Mombasa, kwa kuwa huko ndiko jibu la sushi liliko. Umeweka mbele midomo na mabaka, lakini mimi kilichonishtua ni ile sauti kukwaruza, ambayo umeipita mbio. Mabaka peke yake ni mambo ya ngozi. Sauti ikibadilika ujue uvimbe umefika kooni. Mwili ukiguswa sehemu mbili hivyo muda mfupi baada ya kula, hatusemi tena ni mzio mdogo. Tunaichukulia kuwa anafilaksia, dharura ya kumkimbiza mtu hospitalini. Yalitulia, mshukuru Mungu, lakini usiyafanye kipimo. Mzio hauna adabu ya kurudi kwa kiwango kilekile. Na kama una pumu, hata ile unayodhani uliiacha utotoni, hatari huongezeka. Hukuitaja, kwa hiyo mwambie daktari.

Kinachowasumbua wengi wenye mzio wa kamba ni protini ya misuli iitwayo tropomiosini. Moto hauivunji. Kamba awe mbichi, wa kuchemsha au wa kukaanga mpaka akakauka, kwa kingamwili zako ni yuleyule. Protini hiyo inafanana sana kati ya kamba, kaa na kamba-mti, kwa hiyo wote hao uwahesabu kuwa kitu kimoja mpaka upimwe. Pweza, ngisi na chaza ni ukoo wa mbali zaidi. Wapo wenye mzio wa kamba wanaokula pweza salama, na wapo wasioweza. Sherehe ya mwenzako si mahali pa kugundua wewe uko kundi gani. Waache.

Samaki wenye mapezi wana protini nyingine, parvalbumini, na hiyo ndiyo huwapata wengi wenye mzio wa samaki. Inafanana kwa samaki wengi, na wewe umekula ngege na mbuta miaka yote. Basi samaki wa sushi kwa uwezekano mkubwa si tatizo lako. Tatizo lako ni vitu vinavyomgusa huyo samaki kabla hajafika kwako.

Kabla sijaingia jikoni, nizungumzie omena wako, maana wengi wa huku ziwani hawalijui hili. Nyavu za omena zina macho madogo mno, na humo Ziwa Victoria mna kamba wadogo wa maji baridi ambao Wajaluo huwaita ochong'a. Kwa jina la kisayansi ni Caridina nilotica. Hunaswa pamoja na omena, huanikwa pamoja, na wengi wao huishia kwenye chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa. Wanaobaki ndani ya omena wa kununua sokoni ni wadogo, wamekauka, na hawaonekani kirahisi kwenye rundo. Kwa mbali hivi siwezi kukuapia kwamba ndio wanaokukereketa. Lakini mtu anayekula ngege na mbuta bila shida, akavimba kwa kamba, kisha akakereketwa na omena leo na kesho asikereketwe, mimi ningewashuku ochong'a kabla ya kumshuku omena mwenyewe. Kama omena ndiye angekuwa na kosa, angekusumbua karibu kila sahani. Muache kwa sasa. Usijaribu kumchambua kwa vidole ukidhani umewamaliza; kipande cha ganda usichokiona kinatosha kukuwasha.

Kwa njia hiyohiyo, jihadhari na kumbikumbi. Wadudu na kamba wana undugu, na tropomiosini yao inafanana. Mvua zikinyesha Magharibi na Nyanza, kumbikumbi ni kitoweo cha heshima, na siku hizi unga wa nyenje umeanza kutiwa kwenye biskuti. Chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kina kituo kizima cha utafiti wa wadudu kama chakula. Ni lishe nzuri, naiunga mkono. Kwako wewe isubiri neno la daktari, hata kama ulikuwa unakula kumbikumbi kabla ya Desemba.

Haya, sushi. Menyu ikifika, macho ya watu wengi hukimbilia majina ya samaki. Wewe tazama mengine.

La kwanza ni kaa wa bandia. Ile roli maarufu ya California, yaani wali uliokunjwa pamoja na vitu vya ndani, mara nyingi huwa na vijiti vyeupe vyenye ukingo mwekundu, na rafiki mwenye nia njema atakuambia, "Huyo si kaa wa kweli, kula tu." Vijiti hivyo huitwa surimi: nyama ya samaki mweupe iliyosagwa, ikachanganywa na wanga, ambao huweza kuwa wa ngano, na ute wa yai, kisha mara nyingi ikatiwa dondoo ya kaa halisi ili ipate ladha. Kijiti kimoja kinaweza kumdhuru mwenye mzio wa kaa, wa yai, wa ngano na wa samaki kwa pamoja. Sijui chakula kingine mezani hapo kinachodanganya watu kama hiki.

La pili ni mafuta. Tempura ni kamba au mboga zilizochovywa kwenye uji wa unga wa ngano, aghalabu wenye yai, zikakaangwa. Jikoni nyingi zina karai moja tu. Kiazi kitamu kilichokaangwa katika mafuta yaliyopitisha kamba asubuhi kimebeba kamba, hata kama kwenye menyu kimeandikwa chini ya vyakula vya wasiokula nyama. Zile punje za unga mkavu zinazonyunyizwa juu ya roli ili zilie mdomoni nazo hutoka kwenye mafuta hayohayo.

La tatu, ambalo ndilo gumu zaidi, ni mikono. Mpishi wa sushi hukata roli moja baada ya nyingine kwa kisu kilekile, akikipangusa kwa kitambaa kilekile chenye maji. Hukunja wali juu ya mkeka mdogo wa mianzi, na katikati ya vijiti vya mkeka ule hubaki chembe za kila kitu kilichopita. Glovu zake zimeshika kamba dakika tano zilizopita. Hafanyi uzembe, ndivyo kazi yenyewe inavyokwenda haraka. Lakini kwako wewe roli ya tango iliyokatwa kwa kisu hicho si roli ya tango tena.

Mwani unaofungia roli nao una neno. Hukuzwa baharini ambako vijikamba vidogo hujishikiza, na pakiti nyingi huandikwa onyo kwamba huenda una chembe za kamba au kaa. Wengi wenye mzio huula bila tatizo. Ila kwa mtu ambaye koo lake limeshaguswa na hajapimwa, ningeanza na nigiri, yaani kitonge cha wali chenye kipande cha samaki juu, bila mwani. (Hapa niondoe uvumi mmoja: mzio wa kamba si mzio wa madini ya joto, kwa hiyo usiuogope mwani wala chumvi kwa sababu hiyo.)

Michuzi nitaipita upesi: mchuzi wa chaza, mayonezi ya pilipili iliyochanganywa na kaa, na zile chipsi nyepesi za kamba zinazowekwa mezani kabla hujaagiza. Usikae pia karibu na bamba la moto linalochoma kamba mbele ya wateja; kuna watu ambao mvuke wake peke yake huwaletea kikohozi na kubanwa kifua.

Sasa utaagizaje? Usingoje siku yenyewe. Piga simu siku moja kabla, alasiri, saa ambazo jikoni halina pilikapilika, na uombe kuzungumza na mpishi. Mhudumu ni mtu mwema ambaye kazi yake ni kukufurahisha, na ukimuuliza "Kuna kamba humo?" atakujibu "Hakuna shida, madam." Jibu hilo mimi huliogopa kuliko "sijui." Uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Mafuta ya leo yamekaanga nini? Kisu cha roli zangu kitaoshwa wapi, na kwa kutumia nini? Vijiti vya kaa mnavyotumia, pakiti yake inasema nini? Akiwa na subira ya kukujibu, mwombe haya: nigiri za samoni, au roli za tango na parachichi ukikubali mwani, zitengenezwe kabla ya za wenzako, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kupangusa hakutoshi, glovu mpya, mkeka ufunikwe kwa nailoni safi. Sahani yako iwe peke yake na mchuzi wako uwe kwenye kibakuli chako, maana wenzako watachovya roli za tempura kwenye vibakuli vyao. Mpishi akikuambia wazi kwamba jikoni lake halimudu hayo, mshukuru kwa dhati.

Kama ni bufee, au ile sinia kubwa ya kushirikiana, usile chochote hapo. Kula nyumbani ushibe, nenda ukapige picha, unywe soda ya chupa. Najua maneno yatakuwepo, na shangazi wa mtu atakuambia uonje kidogo tu uzoee. Mwili hauzoeshwi kamba hivyo.

Kuhusu Piriton. Dawa za jamii hiyo hupunguza kuwashwa na mabaka. Hazifungui koo linalojifunga, wala haziinui shinikizo la damu linaloporomoka, na hayo mawili ndiyo yanayoua. Ukiimeza kabla ya kula, inaweza kukufichia dalili za mwanzo, ukaendelea kula huku ukisinzia kidogo. Dawa ya anafilaksia ni adrenalini, sindano ya msuli upande wa nje wa paja. Kwa mtu mzima hospitalini kipimo cha kawaida ni miligramu 0.5, na hurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hali haijabadilika. Zipo kalamu maalumu za kujidunga mwenyewe. Ni ghali na usitegemee kuzikuta kila famasia, lakini mtu mwenye historia kama yako anastahili kulizungumza na daktari wake kabla hajala tena nje.

Dalili za kukufanya uinuke na kusema "nipelekeni" ni hizi: sauti kubadilika, kumeza kwa shida, kukohoa mfululizo au kifua kubana, kutapika kunakoandamana na mabaka, kizunguzungu, kuhisi unazimia. Kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Usisubiri zote zitimie. Na usipande bodaboda. Nalisema hili kwa sababu ndilo la kwanza litakalomjia mtu mjini Kisumu: pikipiki ni ya haraka. Shinikizo la damu likishuka, kukaa wima au kusimama ghafla kunaweza kuusimamisha moyo. Ulale chali miguu imeinuliwa, ndani ya gari, na kama pumzi ndiyo inayokusumbua zaidi basi ukae umeegemea, miguu ikiwa imenyooka kitini. Ujue mapema hospitali yenye huduma ya dharura iliyo karibu na hoteli, iwe Russia, kama tunavyoiita ile ya rufaa ya Jaramogi, au nyingine. Ukitulia, kubali kuangaliwa kwa saa kadhaa; dalili huweza kurudi mara ya pili hata kama hujala kitu kingine.

Siku hiyo pia epuka pombe, na usile kisha ukaingia uwanjani kucheza dansi kwa nguvu. Pombe, mazoezi makali na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni huweza kuufanya mwili uitikie kiasi ambacho siku nyingine ungekivumilia.

Kuna jambo linalofanana na mzio na huwachanganya hata wauguzi. Jodari na vibua wasipowekwa baridi vizuri, bakteria hugeuza nyama yao ikajaa histamini. Mlaji huwaka uso, kichwa huuma, moyo hukimbia, na wengine husema samaki alikuwa na ukali wa pilipili ulimini. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na barafu ikikatika njiani huwezi kujua kwa kumtazama samaki. Wakidhurika watu watatu wa meza moja waliokula jodari yuleyule, washuku histamini kwanza. Ukidhurika wewe peke yako, shuku mzio. Kwa vyovyote vile, koo likiguswa ni hospitali, maswali baadaye.

Nimepokea maswali ya wengine yanayokaribiana na hili, nayajibu hapahapa. Asiyeweza ngano ajue kwamba mchuzi wa kawaida wa soya hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja. Ule uitwao tamari mara nyingi hauna ngano, lakini soma chupa. Wa yai aogope mayonezi, tempura, surimi na ile chapati tamu ya mayai inayowekwa juu ya wali. Wa ufuta amwambie mpishi mapema, kwa sababu simsim hunyunyizwa hata pasipoandikwa. Wasabi ya hoteli nyingi si wasabi halisi. Ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi ya kijani, na mara nyingi haradali.

Daktari umwone kabla ya sherehe, na umpelekee historia yote, pamoja na ya omena. Anaweza kukupima kwa kuchoma ngozi kidogo au kwa damu. Kwa kipimo cha ngozi utaambiwa uache Piriton na ndugu zake siku kadhaa kabla, kwa kawaida kama wiki moja, la sivyo majibu yatadanganya. Kipimo cha damu hakiathiriwi. Usikubali kupimwa vyakula arobaini kwa pamoja "tuone tu." Kipimo kikionyesha dalili ya kitu unachokula kila wiki bila tatizo, hicho peke yake si mzio, na nimeona watu wakiacha maziwa na mayai miaka mingi bure.

Namalizia na shemeji. Samaki wa ziwani haliwi mbichi. Hubeba minyoo na bakteria, na kipindupindu si mgeni kwetu Nyanza. Hata samaki wa baharini wa kuliwa mbichi hutakiwa kwanza agandishwe ili minyoo ife. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inataka nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku 7, na friji nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Lakini wazo lake la kupika nyumbani nalipenda kuliko la hoteli. Sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi. Hakuna anayelazimishwa kuweka kitu kibichi. Amchome au amchemshe huyo ngege mpaka aive vizuri, amtoe miba, amfunge na tango na parachichi. Atafute mchele wa punje fupi, kwa kuwa pishori haushikani. Kisu kitakuwa chenu, mafuta yatakuwa yenu.

Akienda supamaketi kununua mwani na mchuzi, asome pakiti nzima. Zile zilizotoka Japani zina mtego wake: sheria ya huko hulazimisha kutajwa kwa vitu vichache tu, miongoni mwao kamba, kaa, ngano, buckwheat (nafaka ya tambi za soba), yai, maziwa, karanga na jozi (walnut). Soya, ufuta, samoni na ngisi hupendekezwa tu. Kwa kamba na kaa, basi, maandishi yake yatakusaidia. Mgeni wenu mwenye mzio wa ufuta asiyategemee.